Mkia wa Pikapu

Sikonge, Jumamosi jioni. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, jua la kiangazi halina huruma, na mimi nina kisirani.

Leo tumemwoza Marta, binti wa kwanza wa shemeji yangu Maganga. Bibi harusi amependeza, kwaya imeimba, wali umetosha na nyama imebaki. Watu wamehamia nyuma ya nyumba ya bwana harusi, nawasikia wakicheka. Mimi nimekaa ndani ya pikapu peke yangu, mlango wazi, naandika juu ya goti kama mtu aliyefukuzwa.

Hakuna aliyenifukuza. Nimejifukuza mwenyewe.

Maganga hajanisemesha tangu Jumanne. Leo kanisani tulipeana mkono kwa sababu kila mtu alikuwa akipeana mkono, akasema, "Shemeji," akapita. Neno hilo moja tu. Afadhali angenitukana.

Ngoja niyaandike yote, maana kichwani yanazunguka tu na hayatoki.

Pikapu hii ni yetu sisi wawili. Maganga ni kaka wa mke wangu, Tekla. Yeye ndiye anayeijua asali. Anazunguka Ipole na vijiji vya porini, ananunua asali na nta kwa warina, anaonja kwa ncha ya kidole na kukuambia ilitoka kwenye maua gani. Mimi ni dereva. Nilijifunza gari jeshini wakati wa vita, kwenye matope ya Burma, na niliporudi nyumbani Kwihara sikutaka kazi nyingine yoyote. Yeye ananunua, mimi nasomba mpaka stesheni ya Tabora. Gari tulilipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Siku nilipolishika, usukani wake ulikuwa mwepesi na mkweli. Ukiugusa, gari linaitika.

Halafu Maganga akaliongezea mkia.

Ndivyo tulivyouita. Bodi ilikuwa fupi, naye alitaka madebe mengi zaidi kwa safari moja. Akachagua mbao za mninga, akaziranda kwa mikono yake, akamtafuta mhunzi wa kumfulia vyuma vya kuzishika, na bodi ikatokeza nyuma ya magurudumu kiasi cha mtu mzima kulala akajinyoosha. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Tukisimama sokoni watu walikuja kuzipapasa mbao zile. Tulibeba mzigo ambao hakuna pikapu nyingine mjini iliyothubutu kuubeba, nami nilifurahi kama yeye.

Ila usukani ukaanza kunisaliti.

Ni vigumu kumweleza mtu asiyeendesha. Unazungusha, na kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha gari linakumbuka, linakata kwa ghafla kuliko ulivyotaka. Unarudisha, linakawia tena, halafu linakwenda upande wa pili. Kwenye barabara iliyonyooka naonekana mlevi, mimi ambaye pombe sigusi. Kwenye mchanga pua inaelea na magurudumu ya mbele yanateleza yatakavyo. Jioni mikono inauma mpaka mabegani, na Tekla ananikanda kwa maji ya moto huku akiniuliza kama ninapigana na gari au ninaliendesha.

Nimehangaika na jambo hili kiangazi chote. Tabora nzima ina dawa ya usukani. Mwenye duka mmoja aliniambia niongeze upepo kwenye matairi, nikaongeza, tukawa tunarukaruka kwenye makorongo kama mbuzi. Mwingine akasema nipunguze. Nikapunguza, usukani ukawa mzito na tairi moja likachanika ubavuni. Fundi Yusufu, mwenye gereji karibu na stesheni, alikaza boksi la usukani mpaka ukawa mgumu kama jiwe la kusagia. Ukishaingia kona hautaki kurudi, sharti uuburute kwa mikono miwili. Akalegeza. Akapaka grisi. Akabadilisha bushi za mbele pamoja na viungo vya chuma vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu, ambavyo kwa kweli vilikuwa vimelika. Tukalijaribu likiwa tupu, likaenda vizuri. Nikamshukuru kwa mikono miwili, nikaenda kupakia asali, na ugonjwa ukawa pale pale.

Nilirudi kwake nikiwa nimekasirika.

"Mimi nimemaliza kazi yangu," Yusufu akasema. "Labda huko jeshini hawakukufundisha vizuri."

Tulikaribia kushikana mashati siku ile.

Jawabu lilikuja lenyewe. Tulitoka Sikonge na madebe machache, na jirani yetu mmoja akaomba tumchukulie kitanda chake. Kitanda kikawekwa nyuma, madebe yote nikayasukuma mbele yakaegemea kibanda cha dereva. Njia nzima usukani ulikuwa wangu. Nilikata kona huku nikipiga mbinja. Safari iliyofuata, mzigo ukiwa umejaa hadi mkiani, nilisimamisha gari njiani, nikashuka, nikalitazama kwa ubavu. Makalio chini, pua juu, kama mtu anayejishusha kwenye kigoda. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanaigusa barabara tu, hayaikanyagi. Utageuzaje gari ambalo halikanyagi kwa mbele?

Nilimwambia Maganga siku ile ile.

"Shemeji, ni mkia. Mzigo wa nyuma unainua mbele. Tuupunguze."

"Gari limewahi kushindwa kufika?"

"Bado."

"Basi."

Nikarudia kwa upole. Nikarudia kwa ukali. Nikamchorea kwa kijiti mchangani, gari na mzigo na magurudumu. Akautazama mchoro, akasema ninachora vizuri. Nikamwomba basi tuwe tunapakia mbele tu, mkia tuuache wazi. Hilo alilikubali kwa mdomo. Tukifika Ipole tunakuta warina wametoka mbali na madebe yao kichwani na kwenye baiskeli, na Maganga hana moyo wa kumwambia mtu arudi porini na asali yake. Mkia unajaa. Ninapanda, ninashika usukani, ninasali.

Halafu juma lililopita, karibu kabisa na nyumbani, kwenye kona ya kuingilia Kwihara, mwanamke mmoja alikuwa anatembea kandokando ya barabara, mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Nilimwona kutoka mbali. Sikuwa na mwendo mkali. Nilizungusha usukani mapema kuliko kawaida, na gari likaenda moja kwa moja.

Likaenda kama halina dereva.

Aliruka kwenye matuta ya mihogo. Mtungi ulipasuka pale pale alipokuwa amesimama, na gurudumu langu likapita juu ya vigae. Niliruka chini, nikamkimbilia. Mtoto alikuwa analia, yule mama amemgeuza mbele na kumpapasa kichwa, mikono, miguu.

"Baba, hukuniona?" akaniuliza. Hakupiga kelele.

"Nilikuona, mama."

"Mbona hukukata kona?"

"Nilikata."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwongo. Nilikuwa nasema kweli, na ule ukweli haukuwa na maana yoyote mbele ya vile vigae. Tekla alimpelekea mtungi mwingine jioni yake na kukaa naye kitambo. Mimi sikuweza kwenda.

Maganga alikuwa kando yangu ndani ya gari. Aliona yote. Nikadhani sasa yamekwisha, sasa ataelewa. Tulipofika nyumbani akasema, "Kona ile ina mchanga mwingi. Inabidi uwe unapita polepole zaidi."

Sijawahi kumchukia mtu ninayempenda kama nilivyomchukia pale.

Na harusi ndiyo hiyo inakuja. Maganga alikwisha kuwaambia ndugu wote kwamba watakwenda Sikonge kwa pikapu, hakuna wa kuachwa. Akawa anawapanga kwa sauti, kwa furaha ya baba: kina mama huku, wazee pale, na vijana wote mkiani, wakae ukingoni miguu ikining'inia. Nikamsikiliza. Nilikuwa nawaona wote wale kwenye kona, nami nikizungusha usukani ambao haujibu.

Jumatatu alikwenda Ipole kwa lori la watu kuwachukua shangazi zake. Alipotoka tu, nililipeleka gari kwa Yusufu, tukaukata mkia.

Tulianza na vyuma, tukamalizia na mbao. Yusufu aliniuliza kama mwenzangu anajua. Nikamwambia ashike msumeno upande wake. Zile mbao za mninga sikuziacha pale gereji. Nilizipeleka nyumbani kwa Maganga, nikazipanga chini ya upenu, moja juu ya moja, zisiguse ardhi kwa ajili ya mchwa. Nilidhani ataiona heshima hiyo.

Alizikuta Jumanne. Alikuja kwangu bado ana vumbi la safari, akalizunguka gari, akapitisha kiganja pale palipokatwa.

"Ulingoja niende Ipole," akasema.

"Nilikuomba mara ngapi?"

"Kuomba ni kuomba. Nilikubali?"

"Yule mama wa kona, Maganga. Yule mtoto."

"Gari hili ni langu na lako. Ungeniambia: Maganga, ukirudi hutaukuta. Ningegombana na wewe, tungepigana hata. Lakini ungeniambia. Umenifanya kama mtoto anayefichiwa kisu."

Nilijibu vibaya. Nilisema mtu asiyesikia hufichiwa kisu. Akaondoka. Tekla alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nikamwuliza yeye anaonaje.

"Mmoja ni kaka yangu, mwingine ni baba wa watoto wangu," akasema. "Mkitaka niseme nani mwenye haki, mimi nakwenda kuteka maji."

Akachukua ndoo, akaenda kweli.

Jana ndiyo tulisafiri. Mkia haupo, kwa hiyo nafasi haikutosha. Vijana wakatangulia kwa baiskeli tangu alfajiri bila kinyongo, kwao ilikuwa mchezo. Ilipofika zamu ya wakubwa kupanda, shangazi mmoja mzee akabaki chini, hana pa kukaa. Maganga, baba wa bibi harusi, alimshika mkono akampandisha mahali pake mwenyewe. Kisha akaingia ndani, akatoka na baiskeli, amekunja suruali ya suti na kuifunga kamba kifundoni.

"Shemeji, tutabanana tu," nikamwambia. "Panda."

Akanipa mgongo. Alimwambia mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, kwamba anapenda kunyoosha miguu, akatangulia; sisi tuliondoka karibu adhuhuri, baada ya kufunga mizigo. Mama mkwe alipanda. Aliketi kwenye kigoda kwa nyuma yangu, mgongo ameegemeza kibandani, ndipo nilipomwomba aketi, na kila mtu mzito nilimweka mbele karibu naye.

Nataka kuandika hili polepole, kwa sababu hakuna mwingine atakayeliandika. Usukani ule jana ulikuwa kitu kingine. Tulipita mchanga, tukapita makorongo, tukapita mashimo pale mti mkubwa ulipoangukia njia, na gari lilikwenda palepale nilipoliambia. Ndani ya msitu, baada ya kona, ng'ombe na ndama wake walikuwa wamesimama katikati ya barabara. Nikakata kushoto, nikakata kulia, nikanyoosha. Basi. Pua haikuelea, nyuma haikupepea. Nikaanza kupiga mbinja.

Huko nyuma walikuwa wanaimba, na hawakukosa hata ubeti. Hakuna aliyejua. Muda mfupi baadaye shangazi akagonga bati akalalamika kwamba nimewabana kama majani ya tumbaku kwenye robota, na kwamba zamani pikapu hii ilikuwa na nafasi.

Nimehangaika kiangazi chote, nimekosana na ndugu yangu, na malipo yangu ni hayo.

Tulimkuta Maganga baada ya mchana. Alikuwa ameshuka, anaisukuma baiskeli kwenye mchanga, koti la suti limefungwa kwenye furushi mgongoni. Nikasimama mbele yake. Wanawake wakamshangilia, Marta akatoa kichwa dirishani akasema, "Baba, panda bwana, utaniaibisha." Akamcheka binti yake, akamfuta vumbi usoni kwa kidole, akasema, "Tangulieni, mama. Nitafika." Mimi akanipita kwa macho kama mtu anayepita mti.

Nikatia gia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kuufurahia usukani njia yote iliyobaki.

Alifika jua linatua, midomo imepasuka, na leo amesimama kanisani wima kama askari, hakuna aliyeweza kusema mtu huyu jana alikuwa wapi.

Sasa hivi Tekla amekuja na sahani ya nyama. Amekaa kwenye kiti cha upande wa pili, amevua viatu. Nimemwambia kaka yake ana kichwa kigumu. Amesema anajua, wamelelewa pamoja. Nimemwambia nimemweleza kwa kila namna inayowezekana kumweleza binadamu.

"Umewahi kumwachia usukani?" akaniuliza.

"Usukani?"

"Aendeshe yeye. Gari likiwa na mzigo."

"Anajua kuendesha. Cheti anacho."

"Sikuuliza kama anajua."

Nimemsogezea sahani. Amekula kipande kimoja cha nyama kwenye sahani yangu, amevaa viatu vyake, amerudi kwa wenzake.

Nimekaa na swali lake na limeniudhi kuliko yote. Kwa sababu sijawahi. Tangu tulinunue, kila siku mimi ndiye ninayekaa hapa. Yeye akigusa mlango wa kulia tu, mimi nimekwisha kuingia. Sikulifikiria kamwe kuwa jambo. Mimi ni dereva, yeye ni mtu wa asali, mambo yalikuwa hivyo tu. Nimemwambia kwa maneno na kwa kijiti kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua kwa viganja. Yeye alikijulia wapi? Alichokuwa anakiona ni mume wa dada yake anayelalamika kila siku juu ya kazi ya mikono yake, basi.

Hilo haliniondolei yale mengine. Ningeukata mkia ule hata leo, hata akiwa amesimama mbele yangu. Tofauti ni kwamba leo angekuwa amesimama mbele yangu.

Kesho baada ya ibada tunarudi Kwihara. Bibi harusi anabaki, kwa hiyo nafasi ya mtu mmoja itakuwepo. Baiskeli ya Maganga nitaipakia mimi mwenyewe, asubuhi, kabla hajaamka, kisha nitampa ufunguo mbele ya mama yake, maana mbele ya mama yake hatakataa. Aendeshe yeye mpaka nyumbani, watu wakiwa nyuma wameketi nilivyowapanga. Na tukipata mzigo tena Ipole, aendeshe pia, tupakie vyovyote atakavyo, barabara ikiwa tupu na hakuna mtu ndani ila mimi na yeye.

Inawezekana akanirudishia ufunguo mkononi. Inawezekana akauchukua na bado asiniambie neno. Mimi nitakaa hapa alipokuwa amekaa Tekla, upande wa kushoto, mikono juu ya mapaja.

Namwomba Mungu anisaidie ninyamaze akikosea gia.